Jino Halitaki Haraka

Wahenga wa pwani walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Msemo huu hutajwa zaidi katika mambo ya mapenzi na ya udugu, pale mtu anapoondoka na nafasi yake ikatafutiwa mwingine asiyeweza kuijaza. Hata hivyo, maana yake ya kwanza ni ya kinywani. Aliyeutunga alilijua pengo, na alijua kuwa jino likishatoka halina badala iliyo sawa nalo. Ndiyo maana historia ya kung'oa meno, ikifuatwa hatua kwa hatua, inafanana na hadithi moja ndefu juu ya haraka na malipo yake.

Katika Andalusi, karibu na mji wa Qurtuba, aliishi tabibu Abul Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi, aliyezaliwa yapata mwaka 936 na kufariki yapata mwaka 1013. Kitabu chake, Kitab at-Tasrif, kina sehemu 30, na sehemu ya mwisho inahusu upasuaji. Humo alichora vyombo vya kazi yake kimoja kimoja: koleo, visu, vikwangulio vya kusafishia meno na vyuma vya kuchomea. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini mjini Toledo, na kwa karne kadhaa waganga wa Ulaya wakajifunza upasuaji kwa kalamu ya mfasiri huyo.

Lakini kabla ya kumwonyesha msomaji namna ya kushika koleo, az-Zahrawi anamzuia mkono. Jino, anaeleza, ni kiungo chenye heshima, na haifai kuling'oa mpaka kila dawa iwe imejaribiwa. Kisha anaonya juu ya hila ya maumivu. Mara nyingi mgonjwa hudanganyika, akadhani kwamba maumivu yamo katika jino zima. Huling'oa hilo, na maumivu yakabaki pale pale, kwa kuwa jino bovu bado limo kinywani. Kwa hiyo ni wajibu wa tabibu kuhakikisha kwanza. Akishahakikisha, aukate ufizi kuuzunguka mzizi, alitikise jino taratibu mpaka lilegee, ndipo alivute. Baada ya hapo mgonjwa asukutue kwa siki na chumvi. Na az-Zahrawi hakuficha hasira yake kwa vinyozi wajinga wa zama zake, waliovunja meno na kuacha mizizi ndani, au waliotoa jino pamoja na kipande cha mfupa wa taya.

Onyo hilo liliandikwa yapata mwaka 1000. Takriban karne saba baadaye, kosa lile lile liliingia katika kinywa cha mfalme.

Louis wa 14 wa Ufaransa alizaliwa mwaka 1638 akiwa tayari ana meno mawili. Laiti angalizaliwa katika vijiji vya pwani ya Afrika Mashariki ya zama hizo, watu wangalimwita kigego, na wazee wangalikaa kitako kuijadili nuksi yake. Kwao alihesabiwa kuwa ni bahati, na akatawala miaka 72, tangu 1643 hadi 1715. Nuksi, kama ilikuwepo, iliyasubiri meno yake. Mwaka 1685 aling'olewa meno ya juu, na kwa nguvu iliyotumika, kipande cha mfupa wa kaakaa kikatoka pamoja nayo. Pakabaki tundu baina ya kinywa na pua. Kila alipokunywa, kinywaji kilimtoka puani. Waganga waliliziba tundu hilo kwa kulichoma kwa chuma cha moto, mara nyingi, naye akiwa macho kabisa. Aliyekuwa na majeshi, majumba na mabaharia hakuwa na kitu cha kumpunguzia maumivu hayo.

Palikosekana nini? Maarifa ya mkono yalikuwepo, nayo yaliandikwa. Kilichokosekana ni utulivu. Mtu anayeng'olewa jino akiwa na hisia zake zote hupiga kelele, hujitupa, humshika mng'oaji mkono. Mng'oaji naye, kwa huruma au kwa hofu, hufanya haraka, na haraka ndiyo inayovunja mfupa. Taratibu ya az-Zahrawi ilihitaji mgonjwa atulie, na maumivu hayakumruhusu kutulia.

Ufunguo wa mlango huo ulionekana mapema, ukaachwa umelala. Mwaka 1800, Mwingereza Humphry Davy alichapisha kitabu juu ya gesi ya nitrasi oksidi. Alikuwa ameivuta mwenyewe wakati ufizi wake umevimba kwa gego la mwisho lililokuwa likichomoza, na akaona maumivu yamepungua. Akadokeza kwamba gesi hiyo huenda ikafaa katika upasuaji. Hakuna aliyeushika udokezi huo. Kwa miaka 44 gesi ile ilikuwa ya maonyesho tu: watu walilipa kiingilio, wakaivuta, wakacheka na kupepesuka, na hadhira ikafurahi.

Usiku wa tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford, Connecticut, nchini Marekani, onyesho la namna hiyo liliongozwa na Gardner Quincy Colton. Miongoni mwa watazamaji alikuwepo daktari wa meno mwenye umri wa miaka 29, Horace Wells. Kijana mmoja, Samuel Cooley, aliivuta gesi, akarukaruka, akajigonga mguu vibaya kwenye viti. Aliporudi kukaa, damu ilikuwa ikimtoka, naye hakuwa na habari. Wengine walicheka. Wells alimuuliza kama ameumia, na jibu alilolipata likamnyima usingizi.

Kesho yake, tarehe 11 Desemba, Wells alikaa katika kiti cha wagonjwa wake. Colton alimshikia mfuko wa gesi, na daktari mwenzake, John Riggs, akamng'oa gego. Wells alipozinduka alisema kwamba hakuhisi maumivu. Wafasihi hupenda mfano wa mtu anayetoa kilicho chake ili wengine wanufaike; huyu alitoa jino lake mwenyewe. Tena hakutaka hataza ya kumiliki uvumbuzi huo. Aliwafundisha wenziwe bure.

Ila haraka ilimfuata naye. Baada ya kuijaribu gesi kwa wagonjwa zaidi ya kumi, mwezi Januari 1845 alikwenda Boston kuionyesha mbele ya wanafunzi wa udaktari wa Harvard. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno. Jino lilipovutwa, mgonjwa alipiga ukelele, na ukumbi ukajaa zomeazomea. Baadaye mgonjwa yule alikiri kuwa maumivu aliyoyasikia yalikuwa madogo kuliko alivyotazamia, lakini nani angalimsikiliza? Wells alirudi Hartford ameinamisha kichwa.

Mwaka uliofuata, William Morton, aliyewahi kuwa mwanafunzi na mshirika wake, aliijaribu dawa nyingine, etha. Tarehe 30 Septemba 1846 alimng'oa jino Eben Frost bila maumivu, na tarehe 16 Oktoba alifanikiwa mbele ya madaktari wa Massachusetts General Hospital. Morton aliomba hataza. Ukazuka ugomvi wa miaka mingi juu ya nani alikuwa wa kwanza. Wells hakuuona mwisho wake. Alikwenda New York, akawa anaivuta klorofomu kuijaribu juu ya nafsi yake, mpaka akili ikamruka. Mwezi Januari 1848, akiwa katika hali hiyo, aliwamwagia wanawake tindikali barabarani, akatiwa gerezani. Akili ilipomrudia, hakuweza kuubeba mzigo wa alilolitenda. Alijiua tarehe 24 Januari, siku tatu baada ya kutimiza miaka 33. Baada ya kifo chake ikaja habari kutoka Paris kwamba chama cha madaktari cha huko kimemtambua. Hartford baadaye ikamjengea sanamu ya shaba, ambayo ingali imesimama katika bustani ya Bushnell Park.

Kazi ya Wells haikufa naye. Colton aliirejesha gesi katika miaka ya 1860, na maelfu ya watu waking'olewa meno kwa utulivu. Mwaka 1884, William Halsted wa New York alionyesha kwamba neva ya taya yaweza kutiwa ganzi kwa sindano ya kokaini. Mwaka 1905 ikaja prokaini ya Alfred Einhorn wa Ujerumani, isiyokuwa na ulevi wa kokaini, na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokaini, ambayo hadi leo imo katika sindano za madaktari wa meno. Kiswahili nacho kilikuwa na neno lake tayari. Ganzi ndiyo husemwa kwa mguu uliokaliwa, na ndiyo husemwa kwa meno yaliyoonja ndimu au ukwaju mchanga. Neno lililoishi mdomoni likahamia kwenye sindano, na hakuna aliyeona ugeni.

Kwa hivyo mng'oaji alipewa muda. Je, mng'olewa naye amejifunza subira? Hapa ndipo nusu ya pili ya habari ilipo, nayo huanza mtu anapotoka mlangoni ameuma pamba. Katika shimo la jino damu huganda, na donge lile ndilo dawa ya kwanza. Hufunika mfupa na neva, na juu yake nyama mpya hujengwa. Mgonjwa hutakiwa kuuma pamba kwa nusu saa au zaidi, asisukutue siku ya kwanza, asitemeteme, asinyonye kwa mrija, asivute sigara, ale vyakula laini kama uji usiokuwa wa moto. Siku ya pili ndipo huanza maji ya uvuguvugu yenye chumvi, jirani wa siki na chumvi ya az-Zahrawi. Ulimi nao una kazi ya kujizuia, kwa kuwa hauchoki kulizuru pengo.

Donge likitoka kabla ya wakati wake, mfupa hubaki uchi. Maumivu hurudi siku mbili tatu baadaye, makali kuliko ya jino lenyewe, yakapanda hadi sikioni. Hali hiyo ilielezwa kitabibu mwaka 1896 na James Young Crawford, nayo huitwa tundu kavu. Dawa yake ya kutuliza inanukia nyumbani kwa msomaji wa visiwani: daktari huliosha shimo na mara nyingi huliweka dawa yenye yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu. Tangu karne ya 19, Unguja na Pemba zilikuwa ndizo ghala kuu la karafuu duniani, kwa mashamba yaliyopandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Wagonjwa waliotulizwa meno katika miji ya mbali hawakujua majina ya waliouchuma utulivu huo, na wachumaji wenyewe hawakuwa na Wells wa kuwaondolea maumivu yao.

Ufizi hufunga baada ya wiki chache. Mfupa huchukua miezi kulijaza shimo, kidogo kidogo, bila sauti. Jino halirudi, na wahenga walilisema hilo mapema. Az-Zahrawi aliwahi kueleza namna ya kuchonga jino la mfupa wa ng'ombe na kulifunga mahali pa lililotoka, lakini ukurasa wake wa kwanza juu ya jambo hili unabaki kuwa ule wa kumsihi tabibu asubiri, aangalie tena, aulize tena ni jino lipi.