Zanzibar: Majukwaa ya mafundi katika majengo yenye watu

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa wakati wa ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Watu 2 walifariki dunia. Jumba lilikuwa limefungwa kwa wageni, kwani sehemu yake ya nyuma ilikwishaanguka mwaka 2012; lakini mbele yake ipo bustani ya Forodhani, ambako wenyeji na watalii hukusanyika kila jioni.

Kazi ya juu hufanywaje, basi, mahali ambapo umma hauondoki? Hospitali haiwezi kuwahamisha wagonjwa wote kwa ajili ya kupaka dari rangi, wala soko halifungwi mwezi mzima.

Jukwaa, liwe la mirunda au la mabomba ya chuma, hubeba mafundi na vifaa vyao. Halibebi jengo. Ukuta dhaifu huhitaji mihimili ya kuushikilia, iliyopimwa na mhandisi, na kuchanganya mambo haya mawili ni kosa la hatari. Katika kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe, hata tundu la kufungia jukwaa hudhoofisha ukuta. Ni heri jukwaa linalosimama lenyewe juu ya kitako kipana.

Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka walio karibu na eneo la ujenzi walindwe, na majukwaa yakaguliwe na mtu mwenye ujuzi. Kwa vitendo, wapita njia huezekewa njia kwa mbao nene, na ngazi ya chini huondolewa jioni ili watoto wasipande. Kazi huendeshwa upande mmoja baada ya mwingine, na kufunga au kufungua jukwaa, ambako ndiko kwenye kelele na hatari kubwa, huachiwa saa ambazo watu ni wachache. Mlango wa dharura ukizibwa, njia nyingine hufunguliwa kabla bomba la kwanza halijasimamishwa.

Wavu wa kuzuia vifusi nao una gharama yake. Upepo wa baharini ukivuma, wavu huwa tanga, na jukwaa huvutwa kama jahazi. Kwa hiyo jukwaa lenye wavu huongezewa uzito chini, na hukaguliwa upya baada ya kila dhoruba kabla fundi yeyote hajapanda.