Twende Tukaone Mto

Mgeni anayefika Ujiji huonyeshwa miembe na mnara wa kumbukumbu, mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta Dkt. David Livingstone mwishoni mwa mwaka 1871. Salamu yao inajulikana dunia nzima. Walichofanya siku chache baadaye husimuliwa mara chache, ingawa kwetu waumini ndicho chenye funzo kubwa zaidi. Walipanda mtumbwi, na wapiga makasia wakawapeleka kaskazini kutazama mto mmoja: Rusizi.

Kwa nini mto huo? Wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kuhusu chanzo cha Nile. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakaendelea hadi Uvira. Huko wenyeji waliwaambia wazi kwamba Rusizi unaingia ziwani. Wao wenyewe hawakuufikia. Baadaye Burton, katika ugomvi wake na Speke, alirudia wazo kwamba huenda Tanganyika humwaga maji yake kaskazini kuelekea Nile. Livingstone naye alivutwa na wazo hilo.

Kila mmoja wao alikuwa na kielelezo, yaani picha ya akilini inayounganisha machache tunayoyajua ili kueleza mengi tusiyoyajua. Kuwa na kielelezo si dhambi. Bila hicho mtu hajui hata aulize nini. Lakini kielelezo lazima kipimwe. Livingstone na Stanley walipofika mdomoni mwa Rusizi, waliona maji yakiingia ziwani, kama wenyeji walivyosema miaka 13 iliyotangulia. Wazo likaanguka siku ile.

Likabaki swali jingine: maji yote yanayoingia hutokea wapi? Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika mto Lukuga, ng'ambo ya magharibi, akasema njia ya kutokea ni hiyo. Mwaka 1876 Stanley aliufikia mto huohuo akaukuta umezibwa, hata akakataa kwamba unatoa maji ya ziwa. Ndipo mwaka 1878 akaja kukaa Ujiji Edward Hore, baharia aliyetumwa na London Missionary Society. Mwaka uliofuata alikwenda Lukuga akakuta maji yanatoka kwa nguvu. Je, nani alisema uongo? Hakuna. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka likasukuma kizuizi, kisha likaanza kushuka kwa mita kadhaa. Leo mnara wa Ujiji uko mbali na maji.

Basi picha iliyosimama haitoshi kulieleza ziwa. Inatakiwa picha inayotembea pamoja na wakati, na hiyo ndiyo kazi ya wanafizikia wa siku zetu.

Kuanzia mwaka 1992, mradi wa utafiti wa FAO na Finland ulipima upepo, joto la maji na mikondo kutoka vituo vya Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Mwaka 2003 Jaya Naithani na Eric Deleersnijder wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, pamoja na Pierre-Denis Plisnier, walichapisha kielelezo cha kihesabu cha ziwa letu. Walilichukulia kama tabaka mbili, maji ya joto juu na ya baridi chini, mfano wa mafuta ya taa juu ya maji. Kompyuta huligawa ziwa katika miraba. Kwa kila mraba huuliza: upepo unasukuma kiasi gani, na maji ya jirani yanabana kiasi gani? Kwa sheria za mwendo alizoziandika Newton, hukokotoa hali ya maji muda mfupi baadaye. Kisha huanza tena, mara maelfu.

Hesabu hizo zinaonyesha kwamba upepo wa kusi, Mei hadi Septemba, husukuma maji ya joto kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda. Upepo ukitulia, mpaka wa tabaka hizo huyumba kama maji katika karai lililotikiswa, ila polepole sana: mzunguko mmoja huchukua kama wiki tatu hadi nne. Vipima joto vilivyozamishwa ziwani vilikuwa vimeonyesha myumbo huohuo. Rutuba ikipanda, dagaa hupata chakula, nasi pia.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Mzee mmoja mvuvi aliniuliza, "Mchungaji, wanasema ziwa linapata joto na dagaa watapungua. Kompyuta imewahi kutupa wavu?" Kijana aliyekuwa karibu akamjibu, "Babu, kompyuta imeshasema." Niliwaambia wote wawili wana sehemu ya kweli na sehemu ya kosa. Mzee asidharau hesabu zilizopimwa kwa maji yenyewe. Kijana asiifanye hesabu kuwa neno lisiloulizwa. Na watafiti wasirudie kosa la Burton, kusikia sauti ya mwenyeji kisha kuiweka kando.

Katika Chuo cha Louvain kulikuwa na padri, Georges Lemaître, aliyefariki mwaka 1966. Mwaka 1927 alitumia hesabu kuonyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Wengine walipotaka kuifanya nadharia yake kuwa uthibitisho wa Mwanzo sura ya kwanza, yeye mwenyewe alikataa. Alijua kwamba nadharia inaweza kusahihishwa kesho, na imani ya Kanisa haipaswi kutundikwa kwenye msumari huo.

Nawakumbusha pia mwisho wa Livingstone. Kuhusu Rusizi alikubali kusahihishwa. Lakini aliendelea kutumaini kwamba Lualaba ndio Nile, akautafuta ushahidi hadi kifo chake mwaka 1873. Lualaba ni Kongo. Mtumishi mwaminifu naye anaweza kukosea, na Mungu hakumwacha kwa sababu ya ramani.

Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime yote na kushika lililo jema. Sisi nasi tuna vielelezo vyetu: kuhusu jirani, kuhusu dhehebu jingine, hata kuhusu jinsi Mungu anavyopaswa kujibu maombi yetu. Ni mara ngapi tumebishana kuhusu mto bila kupanda mtumbwi? Bwana atupe moyo wa kwenda kuona, na tukiona maji yanakuja upande tusioutarajia, atupe unyenyekevu wa kusema: nilikosea.