Ukungu uliochagua mbao za paa zetu

Ukipita Mwanhuzi, hapa Meatu, penye nyumba inayopauliwa, tazama juu kabla fundi hajapiga bati. Kenchi nyingi ni mbao laini, nyeupe, zinazonukia utomvu: msindano. Meatu hatuna shamba la misindano, ukame hauruhusu. Mbao hizo huja kutoka mbali, na katika mashamba makubwa kama Sao Hill, Mufindi, msindano unaotawala ni aina ya patula. Lakini katika miaka ya 1950 aina nyingine nayo ilikuwa imebebeshwa matumaini makubwa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Iliitwa radiata, mti wa asili ya California unaokua upesi. Kilichoiondoa ni ukungu, na mmoja wa walioufuatilia ukungu huo kwa karibu zaidi ni mtafiti I. A. S. Gibson, aliyefanya kazi Kenya.

Gibson hakuanzia msituni. Mwaka 1953 alichapisha utafiti kuhusu Aspergillus niger, ukungu mweusi unaoozesha mche wa karanga kwenye usawa wa udongo. Mkulima yeyote wa karanga anaijua hasara ya namna hiyo: mche umechipua vizuri, baada ya siku chache umelala.

Kwenye miti alikuta shughuli imeshapamba moto. Saipresi ya macrocarpa ilikuwa imeandamwa na vidonda vya gome, ugonjwa uliochunguzwa na D. Rudd Jones, na wapandaji wakahamia kwenye saipresi ya lusitanica. Mwaka 1960 Gibson aliandika kuhusu Armillaria katika mashamba ya misindano ya Kenya. Ukungu huu hujificha kwenye visiki na mizizi ya msitu wa asili uliofyekwa, kisha huvamia mizizi ya mti mgeni uliopandwa jirani. Bandua gome la mti mgonjwa pale chini, utakuta utando mweupe umetanda juu ya mbao. Dawa yake ya zamani inanivutia sana kwa urahisi wake. Katika miaka ya 1930, kwenye mashamba ya chai ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, R. Leach alionyesha kuwa mti ukichunwa gome kuuzunguka na kuachwa ufe polepole kabla ya kukatwa, wanga huisha mizizini na Armillaria hukosa chakula.

Kisha ikaja Dothistroma, ukungu ulioiondoa radiata. Ilionekana Tanganyika mwaka 1957 na Kenya mwaka 1960. Sindano ya msindano hutokewa na mikanda myekundu, ncha yake inakauka huku sehemu yake ya chini ikiwa bado kijani, halafu inapukutika. Matone ya mvua ndiyo yanayorusha vijimbegu vya ukungu kutoka sindano hadi sindano, kwa hiyo milima yenye mvua na umande iliyoipendeza radiata iliupendeza na ugonjwa wake. Miti michanga ndiyo iliyoumia zaidi. Mwaka 1964 Gibson, pamoja na Christensen na Munga, walichapisha taarifa ya kwanza ya waliyoyaona Kenya. Dawa za kopa zilijaribiwa, na mwaka 1971 Gibson alitoa matokeo yake ya kunyunyizia mashambani. New Zealand iliyapigia mashamba yake kopa kwa ndege, na radiata ipo huko hadi leo. Afrika Mashariki ilibadili mti, ikashika patula. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi sahihi kwa nchi zenye fedha kidogo.

Baadaye Gibson alikusanya maarifa yake katika vitabu viwili vilivyotolewa na taasisi ya ukungu ya Jumuiya ya Madola huko Kew, Uingereza. Cha mwaka 1979 ni cha misindano. Cha mwaka 1975 kinatuhusu zaidi sisi, kwani kinashughulikia jamii za mikaratusi, mitiki, mikunde, ambamo mjohoro umo, na jamii ya mwarobaini.

Hapa kwetu miti ilirudishwa kwa njia nyingine. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulianza mwaka 1986, Meatu ikiwa bado sehemu ya Shinyanga, ukategemea ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, ambamo miti ya asili huchipua kwa mchanganyiko. Vitalu vyetu vya leo, kinyume chake, hujaza aina moja au mbili, kama mashamba ya radiata yaliyovamiwa na ukungu. Basi ewe mwenye kitalu, miche ikianza kunyauka usiing'oe na kuitupa tu. Ipeleke kwa afisa misitu wa wilaya, naye awaulize watafiti wa TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoundwa mwaka 1980.