Taa ya Binti: Historia Fupi ya Kumkataa Mchumba Hadharani

Jioni moja, nikitoka matembezini huku Raskazone, niliwakuta baadhi ya wanafunzi wangu kwenye kibaraza cha duka, vichwa vimeinamia simu moja. Walikuwa wakitazama kipande cha Hello Mr. Right, mashindano ya kutafuta mchumba yanayotengenezwa na StarTimes. (Kwa nini kipindi kinachozungumza Kiswahili kipewe jina la Kiingereza, hilo nitaliandikia siku nyingine.) Mabinti wamesimama mstari mmoja, kila mmoja na taa yake. Kijana anaingia na kujieleza, na binti asiyemtaka anaizima taa. Safari hii zilizimwa zote kabla kijana hajamaliza kutaja kazi yake. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua sukari akatikisa kichwa na kusema kwamba utamaduni wetu umekwisha.

Neno hilo sikuliacha pale dukani. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa kimekwisha.

Taa yenyewe imesafiri mbali. Mwaka 1965 kituo cha ABC cha Marekani kilianzisha The Dating Game: binti alikaa upande mmoja wa kizuizi, wanaume watatu upande wa pili, akawahoji bila kuwaona. Waingereza wakawa na Blind Date kuanzia 1985. Mwaka 2002 The Bachelor ikampa mwanamume mmoja wanawake 25, awapunguze kwa kugawa maua ya waridi. Kisha, mwaka 2008, Taken Out ya Australia ikampa kila mwanamke taa, na uwezo wa kukataa ukahamia kwa wanawake 30. Kwao haikudumu, lakini muundo wake ulisambaa. Mwaka 2010 televisheni ya Jiangsu nchini China ilianza Fei Cheng Wu Rao, yenye wanawake 24. Mshiriki mmoja alijulikana nchi nzima kwa kusema kwamba afadhali alie ndani ya BMW, na haikuchukua miezi mingi serikali ikatoa masharti dhidi ya vipindi vinavyotukuza fedha na lugha chafu.

StarTimes ni kampuni ya Beijing iliyoingia ubia na TBC. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na hapa Tanga mwanzoni mwa 2013, ving'amuzi vyake viliingia katika nyumba nyingi. Njia ilikuwa tayari; muundo wa taa ukapita Zambia na Kenya, ukafika kwetu.

Hofu ilikuwa imetangulia. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, na miaka tisa tu baadaye Big Brother Africa ikatuonyesha vijana wa nchi mbalimbali wakiishi na kupendana mbele ya kamera. Bunge la Malawi lilitaka kipindi hicho kisirushwe nchini mwao. Kwetu malalamiko yalikuwapo, lakini Mwisho Mwampamba alipomaliza wa pili mwaka huo wa 2003, na Richard Bezuidenhout aliposhinda dola 100,000 mwaka 2007, wengi waliokuwa wakilalamika waliwaita vijana wetu.

Sasa turudi Tanga. Mji huu ulishindania mapenzi hadharani kabla ya televisheni. Katika miaka ya 1960 na 1970 Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya taarabu vya hapa hapa, vilipambana kwa sauti, kwa magitaa na kwa mashairi ya mahaba, hata mtindo wa Tanga ukasikika pwani nzima. Uwanja wa mashindano haukuwa jukwaani tu. Mwanamke aliinuka kwenda kutunza, noti mkononi, akichagua ubeti unaomfaa, na kwa jicho au kwa kidole akaufikisha kwa mwanamke mwenzake aliyeketi safu ya tatu. Ukumbi mzima ulijua nani anasemwa na kwa sababu ya mwanamume gani. Lakini jina halikutajwa, na aliyesemwa akikasirika huambiwa wimbo ni wimbo tu. Katika miaka ya 1990, TOT na Muungano walipozidi kupigana vijembe, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, wazee walilalamika kwamba fumbo limekuwa jepesi mno. Ni lalamiko lile lile nililolisikia dukani.

Kwa hiyo, kuyaanika mapenzi mbele ya watu si ugeni kwetu. Ugeni ninaouona mimi ni mmoja: binti kusema hapana kwa mkono wake mwenyewe.

Katika posa ya pwani, jibu halikutoka kwake. Mshenga alipeleka neno kwa wazee, wazee wakaomba muda, na kukataa kukafichwa ndani ya udhuru: binti bado mdogo, au ameshaposwa. Utaratibu huo ulikuwa na heshima yake. Ulimlinda kijana na aibu, na familia mbili na ugomvi. Lakini binti alitakiwa anyamaze, na kimya chake kikahesabiwa ridhaa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka kila ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 13, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, na kifungu cha 17 kikaweka ridhaa ya ndoa yake mikononi mwa mzazi au mlezi. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, na miaka ikaendelea kupita bila Bunge kubadili sheria.

Sisemi taa ya televisheni ni uhuru. Mtayarishaji ndiye anayeamua kipi kionekane, biashara ipo nyuma yake, na binti anayezima taa mapema hutukanwa mitandaoni kwa wiki nzima. Isitoshe, mshiriki alikwenda mwenyewe, na nyumbani anaweza kurudi bila mume na bila lawama ya ukoo.

Mama anayeniuzia samaki aliolewa akiwa na miaka 15. Nilimsimulia kipindi hicho nikidhani atacheka. Alinyamaza akiendelea kuparua magamba, kisha akauliza: "Mwalimu, na akishazima, baba yake hamwashii tena?" Nikamwambia hapana. Akauliza kipindi hicho huonyeshwa saa ngapi.

Yule mzee wa sukari nilikutana naye tena kwenye barabara ya kwenda Bombo. Nilimwamkia, tukazungumza habari za mvua, kisha nikamwuliza binti zake waliposwaje. Akaniambia watatu wote waliposwa vizuri, kwa utaratibu. Nikamwuliza kama kuna aliyekataa.

"Wa pili alilia," akasema. "Lakini mabinti hulia."