Biomekanika, wenzo na bega la msusi

Jirani yangu husuka nywele. Krismasi ikikaribia, na Idi vilevile, bega lake la kulia humrudia. Ndivyo asemavyo: "Kaka, bega limerudi." Mwaka mmoja alikandwa kwa mafuta ya moto, mwaka mwingine akameza dawa za maumivu, mara ya tatu mtu akamwambia ana baridi yabisi. Kila mara lilitulia, sikukuu zikaja, likarudi. Siku hizo nilikuwa nafasiri kijitabu cha tiba ya viungo, na kwenye ukurasa wa kwanza tu lilikuwamo neno lililomhusu yeye hasa, nami sikujua nimwambieje: biomekanika.

Asili yake ni Kigiriki. Bios ni uhai. Mekhane ni mtambo, au hila ya kufanyia kazi. Biomekanika basi ni elimu ya kani, yaani nguvu za kusukuma na kuvuta, na mienendo inayotokana nazo katika kiumbe hai. Nilijaribiwa kuandika "umakanika wa mwili", kwa kuwa linasikika la nyumbani. Nililiacha. Makanika kwetu ni mtu aliyelala chini ya gari, mikono imejaa grisi, anatafuta kipuri kilichokwisha akitoe. Mwambie msusi kwamba shida yake ni ya umakanika, naye atauliza kipuri gani kimekwisha. Lakini kano si bushi. Bushi huliwa kwa kutumika. Kano ikibebeshwa mzigo kwa kipimo, ikapumzishwa, ikabebeshwa tena, huimarika. Kwa hiyo niliiacha biomekanika kama ilivyo, iwe jina la elimu, na maelezo nikayatafutia maneno mengine.

Nayo yalikuwapo zamani. Mchukuzi wa maji mwenye mzegazega, debe moja mbele na jingine nyuma, akiona debe moja limejaa kuliko jenzake husogeza mti mpaka bega liwe karibu na lile zito. Mti ule ni wenzo, bega ni egemeo, na uzito si kitu mpaka ujue uko umbali gani kutoka kwenye egemeo. Ukitaka mfano wa ndani ya nyumba, sukuma mlango karibu na bawaba, halafu usukume kwenye kitasa.

Misuli ya bega inasukuma mlango huo karibu na bawaba maisha yake yote. Mtaliano Giovanni Alfonso Borelli alilionyesha jambo hili katika kitabu chake juu ya mwendo wa wanyama, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1680, yeye akiwa ameshafariki: msuli hushika mfupa karibu mno na kiungo, kwa hiyo hulazimika kuvuta mara nyingi zaidi ya uzito unaobebwa. Tumhesabie jirani. Mkono mmoja ni takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3. Ukinyooshwa kwa upande hadi usawa wa bega, uzito huo ni kama umekaa sentimita 30 kutoka kwenye kiungo, ilhali msuli unavuta kutoka sentimita 3 hivi. Mara kumi. Kuushikilia tu mkono mtupu hewani kunadai mvuto kama wa kubeba kilo 30. Mpe draya ya nusu kilo kiganjani, sentimita 60 kutoka begani, na kilo 10 nyingine zimeongezeka. Akunje kiwiko, uzito usogee hadi sentimita 20, theluthi nzima ya ule mvuto wa kilo 30 imeondoka bila dawa yoyote.

Nilimfanyia hesabu hii nyuma ya bili ya umeme. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa nini basi bega halimuumi Februari.

Swali hilo ni zuri kuliko kijitabu kizima nilichokuwa nafasiri. Februari anasuka vichwa viwili kwa siku. Wiki ya Krismasi, sita. Kano zake zimezoea viwili. Maumivu yanayorudi na kalenda yanafuata kazi ilivyoruka ghafla, na hiyo nayo ni biomekanika, ingawa wengi wakilisikia neno hilo hufikiria mkao tu: kaa wima, rudisha mabega nyuma.

Hata fikra ya kwamba tatizo ni jinsi mifupa ilivyokaa ina historia ya kutunyenyekeza. Mwaka 1972 Charles Neer, daktari wa upasuaji wa Marekani, alieleza kwamba mkono ukiinuliwa kano hubanwa chini ya paa la mfupa wa bega. Kwa miaka mingi mfupa huo ulichongwa ili kano zipate nafasi. Kisha jaribio la Uingereza, lililochapishwa katika The Lancet mwaka 2018, likalinganisha waliochongwa na waliochunguliwa ndani ya kiungo bila kuchongwa chochote. Nafuu yao haikupishana kwa kiasi ambacho mgonjwa angekitambua. Fikra ya kipuri ilikuwa imeingia hadi chumba cha upasuaji.

Neno moja bado linanisumbua. Kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, halikai tuli mkono unapopanda; katika nyuzi 180 za kuinua mkono, takriban 60 hutokana na kombe kugeuka, 120 na kiungo chenyewe. Kwa ushirikiano huo wataalamu wana istilahi inayotaja mdundo. "Mdundo wa kombe", kwa msomaji wetu, ni ngoma ya washangiliaji wa mpira. Nimeandika "mwandamano wa kombe na mkono", na sijaridhika.

Jirani sasa huwakalisha wateja kwenye kigoda kifupi, na tangu Oktoba huongeza kichwa kimoja kimoja, pamoja na mazoezi ya kuinua chupa ya maji. Krismasi iliyopita bega lilirudi, siku mbili tu. Juzi nilimsikia akimkemea binti anayemfundisha kazi: "Shusha viwiko, mwanangu, unasukuma mlango kwenye bawaba!" Binti aligeuka akautazama mlango.