Tetekuwanga si ugonjwa wa watoto pekee

TETEKUWANGA ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na virusi viitwavyo varisela zosta. Wazazi wengi huuhesabu kuwa ugonjwa wa utotoni unaokuja na kuondoka wenyewe, na kwa mtoto mwenye afya njema mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, virusi hivyo hivyo vinaweza kuhatarisha maisha ya mama mjamzito, mtoto mchanga, mtu mzima au mwenye upungufu wa kinga mwilini. Katika nchi za joto wapo watu wazima wengi ambao hawakuugua utotoni, hivyo mtoto anapougua, yafaa kuwaangalia pia wanaoishi naye.

Maambukizi na dalili

Ugonjwa huenea kwa njia ya hewa, hasa mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, na kwa kugusa majimaji ya malengelenge. Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana, na huendelea hadi malengelenge yote yakauke na kufanya magamba. Dalili hujitokeza kati ya siku 10 na 21 baada ya kuambukizwa.

Dalili za mwanzo ni homa, uchovu na kukosa hamu ya kula. Kisha hutokea vipele vyekundu vinavyowasha, aghalabu kifuani, mgongoni na usoni, ambavyo hugeuka malengelenge na baadaye magamba. Kwa kuwa hutoka kwa awamu, mgonjwa huweza kuwa na vipele vipya, malengelenge na magamba kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo unapotofautiana na Mpox, ambao Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza Machi 2025. Vipele vya Mpox kwa kawaida hukua kwa pamoja, hutokea pia viganjani na kwenye nyayo, na mgonjwa huvimba tezi. Tofauti hizi si za kutegemewa kila mara, hivyo mwenye shaka amwone mtaalamu wa afya.

Huduma ya nyumbani

Mgonjwa apumzike, anywe maji ya kutosha na aoge maji ya uvuguvugu bila kujisugua. Kucha zake zikatwe ziwe fupi, kwani kujikuna huacha makovu na kuruhusu bakteria kuingia kwenye ngozi. Losheni ya kalamini husaidia kupunguza muwasho.

Kwa homa, apewe parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na umri na uzito wake. Mtoto asipewe aspirini kamwe, kwani inaweza kumletea ugonjwa wa nadra unaodhuru ini na ubongo. Dawa ya ibuprofeni nayo iepukwe, isipokuwa daktari ameelekeza. Antibayotiki haziui virusi. Hutolewa pale tu vidonda vinapoingiwa na bakteria.

Mtoto asiende shule hadi malengelenge yote yakauke.

Wakati wa kwenda hospitali

Mgonjwa afikishwe hospitali haraka akipumua kwa shida, akichanganyikiwa, akipata degedege, shingo ikikakamaa, akitapika mfululizo, au ngozi ikivimba na kutoa usaha.

Mjamzito ambaye hajawahi kuugua, akikaa karibu na mgonjwa, amwone daktari bila kusubiri vipele. Anaweza kupata nimonia kali, na mama akitokwa na vipele kati ya siku tano kabla ya kujifungua na siku mbili baadaye, mtoto huwa katika hatari kubwa. Mtu mzima naye aende mapema, kwa sababu dawa ya asiklovia hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 24 tangu vipele vitokee.

Kinga

Chanjo ya tetekuwanga ilibuniwa nchini Japani mwaka 1974 na Dk Michiaki Takahashi. Dozi mbili hutoa kinga nzuri, lakini haitolewi kwa wajawazito.

Aliyepona huwa na kinga ya kudumu kwa kawaida. Hata hivyo, virusi hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye vinaweza kuamka na kuleta mkanda wa jeshi, hasa uzeeni au kinga ya mwili inaposhuka.