Kikwata na Gundi Iitwayo ya Kiarabu

Katika nchi kame, tangu Senegal hata Bahari ya Shamu, na huku kwetu Kenya na Tanzania, wamea mti mfupi wa jamaa ya migunga, nao Waswahili wauita kikwata. Hutambulikana upesi kwa miiba yake. Hukaa mitatu mitatu: miwili ya kando yaelekea juu, na wa katikati umepinda chini kama ukucha wa paka. Gome likijeruhiwa wakati wa kiangazi hutoka utomvu, nao ukikauka huwa donge la rangi ya asali, halina harufu. Watoto wachungao mbuzi hulitafuna. Sokoni Ulaya donge hilo huitwa gundi ya Kiarabu, na jina hilo ndilo lililonifanya niandike, maana mimi mwenyewe niliwafundisha wanafunzi miaka mingi ya kuwa yatoka Arabuni.

Sivyo. Sehemu kubwa ya gundi iliyo bora hutoka Sudan, hasa Kordofan, na huko mti huitwa hashab. Bali zamani gundi ilipita katika mikono ya wafanya biashara Waarabu na bandari zao kabla ya kufika Ulaya, na mnunuzi akaiita mali kwa jina la aliyemwuzia. Hata neno letu gundi lafanana sana na gond la Kihindi. Wataalamu wa mimea nao walifuata bandari: Linnaeus alipouandika mti huu mwaka 1753 aliuita kwa jina la Senegal, na hata sasa, baada ya kutolewa katika jamii ya Acacia, waitwa Senegalia senegal. (Mshita wa kitabu cha Kutoka ni ndugu yake, si mti huu.)

Huko Senegal gundi ilileta vita. Katika karne ya 18 viwanda vya Ulaya vilipiga chapa nguo za pamba, na rangi bila gundi hutapakaa kitambaani. Wafaransa walikuwa na ngome Saint-Louis, mdomoni mwa mto, wakinunua gundi kwa watu wa jangwani wa upande wa kaskazini. Na waliochuma, wakichomwa na miiba ile, wengi walikuwa watumwa. Mwaka 1758 Waingereza waliitwaa Saint-Louis. Aliyewashauri sana wakuu wa Uingereza waende ni Thomas Cumming, mfanya biashara wa dhehebu la Marafiki, watu wanaokataa vita! Wafaransa waliirudia ngome mwaka 1779, na katika mapatano ya 1783 Waingereza waliachiwa ruhusa ya kununua gundi katika pwani ya Portendick. Wachumaji hawakutajwa.

Katika Kordofan habari ni nyingine, maana huko mkulima mwenyewe ndiye mwenye miti. Hulima mtama na ufuta miaka michache, na udongo ukichoka huliacha shamba liote hashab. Mizizi ya mti huurudishia udongo nguvu. Mti ukipata miaka minne au mitano, mvua zikiisha na majani yakianza kupukutika, mwenyewe huchubua ukanda mwembamba wa gome, asiumize mti ndani. Baada ya majuma kadhaa hurudi kuokota madonge, kisha tena na tena mpaka kiangazi kiishe. Miti ikizeeka huikata, akalima tena. Hivyo gundi ni zao la shamba lililopumzika, na mwenye haraka hulipoteza shamba pamoja na gundi.

Biashara hiyo ilikatika sana El Obeid ilipoangukia mikononi mwa Mahdi, Januari 1883. Ilifufuka baada ya 1898, na reli ilipofika El Obeid mwaka 1912 mji huo ukawa soko kubwa la gundi. Leo hutiwa katika soda, peremende na dawa. Mwaka 1997 Marekani ilipoizuilia Sudan biashara, gundi peke yake iliachiwa mlango, kwa kuwa viwanda vyao havikuweza kuikosa.

Vita vilivyozuka Aprili 2023 viliingia Kordofan yenyewe. Wakulima wengi walikimbia na kuiacha miti, na njia za kwenda Port Sudan zikawa za hatari na za kutozwa fedha na wenye silaha. Gundi nyingine ilivushwa mipaka kwa siri, ikauzwa katika nchi jirani, na aliyeinunua huko hakuambiwa ni ya shamba la nani.